Kihamba chako ni shule: elimu ilivyombadilisha mwanamke wa Kilimanjaro na pale ilipoishia

Nyumbani kwetu Old Moshi kuna maneno nimeyasikia tangu nina akili zangu. Baba anatembea kihambani, yaani kwenye ardhi yetu ya ukoo, na kaka zangu, anawaonesha, kuanzia kwenye hili sale, ule mmea wetu wa mpaka, mpaka kwenye ule mti wa mringaringa ni kwako wewe, kule chini mpaka mfereji ni kwa mdogo wako, na hapa kwenye nyumba atabaki kitinda mimba wa kiume, afu anatugeukia sisi wa kike tuliokuwa tunafuata nyuma anasema, nyie kihamba chenu ni shule. Nilikuwa nayapenda sana yale maneno. Nilikuwa najiona nimependelewa, manake kaka alipewa migomba na mimi nilipewa kitu kisichooza wala kuibiwa.

Nimekuja kuyaelewa vizuri nikiwa mtu mzima na ndo maana nimeona niandike hii, kwasababu mjadala wa elimu na hadhi ya mwanamke mara nyingi unaendeshwa kirahisi sana, msomeshe mtoto wa kike, atapata kazi, heshima itakuja yenyewe. Ni kweli, mimi mwenyewe ni ushahidi. Ila huku kwetu shule ilimwinua mwanamke na papo hapo ikatumika kama fidia, yaani kitu anachopewa ili asiulize habari ya ardhi, na usipoviona vyote viwili kwa pamoja hutaelewa kwanini leo kuna mwanamke wa Kichaga ana degrii mbili, ana gari, amejengea wazazi nyumba ya vigae, na bado siku ya kikao cha ukoo anakaa upande wa jikoni anasubiri aambiwe kilichoamuliwa.

Tuanze na kihamba chenyewe kwa wasiojua. Kihamba sio shamba tu. Ni pale nyumba ilipo, migomba, kahawa chini ya migomba, ng'ombe wa ndani, makaburi ya babu na bibi, na masale yamepandwa kuonesha mpaka. Shamba ni kule chini tambarare tunakolima mahindi na maharage. Kihamba kinatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, mkubwa anapata chake, mdogo wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi, wa kati wanatafutiwa. Mwanamke yeye kihamba chake ni cha mume. Anakilima maisha yake yote, anakitia mbolea kwa kubeba samadi kichwani, lakini anakaa pale kama mke wa fulani na mama wa fulani, na siku ya kufa anazikwa pale. Kwa baba yake alikuwa ni mtu wa kuondoka tangu siku aliyozaliwa.

Sasa shule iliingiaje humo?

Iliingia na dini. Wakatoliki walifungua misheni ya Kilema 1890, Walutheri wa Leipzig wakaja 1893, na wote walitaka watu wajue kusoma kwasababu huwezi kupata ubatizo na kipaimara bila kujifunza mafundisho. Wasichana wakaanza kukaa kwenye madarasa ya misheni. Ila hakuna aliyekaa chini akasema hawa wasichana wawe sawa na wavulana. Wavulana walifundishwa wawe walimu na makarani, wasichana walifundishwa kushona, kupika, usafi na malezi, lengo likiwa hao walimu na makarani wapate wake wa Kikristo watakaoweza kutunza nyumba ya kisasa. Hilo ni jambo la kulikumbuka, kwasababu miaka mingi baadaye bado kuna mzee anakwambia msomeshe binti apate mume mzuri, na anaamini kabisa amesema jambo la maendeleo.

Pamoja na hayo, ukishamfundisha mtu kusoma Biblia huwezi kumzuia kusoma barua. Huwezi kumzuia kuhesabu hela. Na ukishamfundisha unesi au ualimu, kuna kitu kikubwa sana kinatokea ambacho wamisheni nadhani hawakukipigia hesabu, mwisho wa mwezi anapokea mshahara mkononi mwake. Kabla ya hapo mwanamke hela zake zote zilitoka kwenye ardhi ya mwanaume, hata akiuza mkungu wa ndizi anauza ndizi za kihamba cha mume. Mshahara ulikuwa hela ya kwanza isiyo na jasho la kihamba cha mtu. Mimi naona mabadiliko yote yaliyofuata mizizi yake iko hapo.

Mfano mzuri ni Lucy Lameck. Alizaliwa Njoro hapahapa Moshi 1934, mama yake mkulima. Akasomea unesi, akagoma kufanya kazi hiyo chini ya wakoloni, katikati ya miaka ya 50 akawa katibu muhtasi kwenye ofisi za KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, akaingia TANU, chama kilichopigania uhuru, akapata nafasi ya kwenda kusoma Ruskin College kule Oxford. 1960 akaingia Baraza la Kutunga Sheria na baada ya uhuru akawa Waziri Mdogo, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa kama huo nchini. Hebu fikiria KNCU ya miaka ile ilivyokuwa. Chama chenye nguvu kuliko chochote Kilimanjaro, wanachama ni wanaume wenye kahawa, na anayeandika barua zao ni binti wa miaka ishirini na kidogo. Akina mama waliokuwa wanachuma hiyo kahawa wengi hawakuwa na jina kwenye daftari la chama, ila binti aliyesoma alikuwa ndani ya ofisi.

Na hapo kwenye kahawa inabidi nikae kidogo kwasababu ndo iliyolipa ada za watu wengi sana huku mlimani. KNCU ilianzishwa 1933, ikichukua nafasi ya chama cha wakulima cha 1925, na hela ya kahawa ikajenga mashule na kusomesha watoto. Kwa nyumba za Kichaga utaratibu ulikuwa kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Bibi yangu mimi alikuwa anachuma kahawa kuanzia asubuhi, jioni anaimenya kwa ile mashine ya mkono ya kuzungusha, usiku mikono inanata utomvu, anaosha, anaanika kwenye kichanja, mvua ikinyesha anakimbia kuifunika na turubai. Kilo zikifika za kutosha anajitwisha gunia mpaka kwenye chama cha msingi, babu anatembea mbele na kitabu cha chama mfukoni. Karani anapima, anaita jina, jina la babu. Hela anapokea babu. Malipo ya kwanza, ya pili na yale ya mwisho, yote. Babu hakuwa mtu mbaya, ada alilipa, ila alilipa kwanza ya wavulana na wasichana wakapata kilichobaki. Shangazi yangu mkubwa aliishia darasa la nne mwaka ambao kahawa ilikuwa mbaya.

Bibi hakuwahi kukaa darasani utotoni. Alijifunza kusoma ukubwani, 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na kule kwetu kisomo kilikuwa kinafanyika mchana baada ya kukata majani ya ng'ombe. Alikuwa anatusimulia alivyokuwa anafanya mazoezi ya kuandika jina lake kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni kabla hajathubutu kuliandika kwenye daftari, kwasababu daftari lilikuwa moja na hakutaka kuliharibu. Kabla ya hapo alikuwa anaweka dole gumba. Aliniambia siku ya kwanza aliyosaini mwenyewe karani alimwangalia usoni, zamani alikuwa anaangalia kidole tu. Bibi hakupata kihamba, hakupata kazi, hakuacha kubeba gunia, ila tangu siku hiyo babu akawa anampa zile stakabadhi azisome na kuzitunza yeye.

Baada ya uhuru ikaja miaka ambayo bila kuijua huwezi kuelewa kwanini Kilimanjaro ina shule nyingi hivi. 1969 serikali ilipitisha sheria ya elimu ikachukua shule za madhehebu, na nafasi za sekondari zikawa zinagawanywa kwa mikoa ili mikoa iliyoachwa nyuma na wakoloni nayo ipate. Mimi naona nia ilikuwa nzuri. Ila kwa mtoto wa Kilimanjaro ilimaanisha unaweza kufaulu na usichaguliwe kwasababu wamefaulu wengi. Wazazi hawakukaa kulalamika, walichanga wakajenga za kwao, dayosisi na majimbo ya kanisa wakajenga, jumuiya ya wazazi ikajenga, na kwenye shule hizo mpya wasichana wakapata viti ambavyo pengine wasingevipata. Msingi nao ukafunguka kwa nguvu, azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na sheria ya 1978 ikafanya kumpeleka mtoto shule kuwa lazima. Baba wa Kichaga wa miaka ya 60 aliweza kuchagua nani aende darasa la kwanza. Wa miaka ya 80 hakuwa na hilo chaguo.

(Azimio hilohilo la Musoma lilileta sharti kwamba ukimaliza kidato cha sita ufanye kazi kwanza ndo uende chuo kikuu, na wasichana wakapukutika njiani kwasababu ukishaingia kazini ukafika umri ule unaolewa, unazaa, basi. Baada ya miaka michache sharti likalegezwa kwa wasichana. Ni kitu kidogo ila kinaonesha kwamba kanuni moja inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumkata mwanamke peke yake.)

Huwezi kuongelea wasichana na shule huku bila kuitaja Weruweru. Shule ya serikali ya wasichana, hapo chini magharibi ya Moshi mjini, na kwa miaka mingi mwalimu mkuu alikuwa Mama Maria Kamm, ambaye wanafunzi wake wakimtaja hadi leo utadhani wanamtaja mzazi. Asha-Rose Migiro, aliyekuja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 mpaka 2012, alipita pale. Wapo wengi ambao hamuwajui, waliorudi kuwa mahakimu, madaktari, wakuu wa shule, mameneja wa benki. Kitu ambacho shule za namna ile zilifanya zaidi ya masomo ni kumtoa msichana kwenye macho ya ukoo kwa miaka minne au sita, akakaa na wasichana wa Songea na Musoma na Bukoba, akawa kiranja, akasimama mbele ya watu mia kadhaa akaongea. Mtu aliyewahi kuongoza bweni la wasichana huwezi kumrudisha nyumbani ukamwambia wanaume wanaongea nyamaza. Anaweza kunyamaza kwa heshima, ila anajua kabisa ananyamaza.

Sasa hapa ndo penye fundo lenyewe.

Wakati shule zinaongezeka, vihamba vilikuwa vinaisha. Babu wa babu alikuwa na eneo la kutosha wake zake na migomba na malisho, akagawa kwa wanawe, nao wakagawa, nao wakagawa tena, leo kuna watu kihamba chao ni nyumba, zizi, na mistari mitatu ya migomba. Kahawa nayo ikaanguka, mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa unashikilia bei ulivunjika na baada ya hapo watu wengi waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Kwahiyo baba hana ardhi ya kugawa na hana kahawa ya kulipia. Alichobaki nacho cha kumpa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, ni shule. Na aliyekuwa analipa mara nyingi hakuwa tena baba. Ilikuwa ndizi za mama. Mama yangu alishuka Kiboriloni siku za soko na mikungu, miaka mingine akauza mitumba, akacheza mchezo wa kuchangiana hela na wenzake ili zamu yake iangukie mwezi wa kwanza, ikatoka tranka, godoro, ndoo, jembe, fagio, mashuka mawili na ada ya muhula. Ndo maana nikisikia watu wanasema wanaume wa Kichaga ndo walioamua kusomesha mabinti nasita. Wapo walioamua na Mungu awabariki. Ila nenda kaulize nyumba kwa nyumba ile hela ya muhula wa pili ilitoka wapi.

Kwahiyo maneno "kihamba chenu ni shule" yalikuwa na ukweli wa mapenzi ndani yake. Ila angalia hesabu ilivyokaa. Kaka zangu nao walisoma. Shule hizohizo, ada hiyohiyo. Mwisho wa siku wao wana shule na kihamba, hata kama kihamba ni kidogo, na sisi tuna shule. Yaani kilichoitwa mbadala kilikuwa mbadala kwa upande mmoja tu. Na ukija kuuliza ukubwani jibu linakuwa tayari, wewe si una mshahara wako, unataka kugombania migomba na kaka zako? Ile elimu iliyokuinua ndo inatumika kukufunga mdomo. Mwanamke asiyesoma aliyeachika anaweza kurudi nyumbani akaonewa huruma akakatiwa kipande cha kulima. Aliyesoma akiachika anaambiwa akapange mjini.

Hata kwenye mahari hilo linaonekana. Siku hizi washenga wakija unasikia wazee wanasema binti tumemsomesha mpaka chuo kikuu, na kiasi kinapanda. Wengine wanaona ni heshima. Mimi hapana, naona ni kukigeuza cheti cha mtu kuwa sehemu ya bei yake, na aliyekesha anasoma ni yeye.

Sheria inasemaje? Sheria ilikuwa na sura mbili kwa muda mrefu. Tangazo la sheria za mila la 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba linamweka binti kwenye daraja la tatu la urithi, la mwisho, na ardhi ya ukoo anaweza kuitumia tu, haruhusiwi kuiuza maadamu wapo wanaume wa ukoo. Kwa upande mwingine kuna kesi ya Holaria Pastory kule Kagera, mwanamke aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wosia akaiuza, mpwa wake akamshitaki, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanaume. Kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani za mke zihesabike kama mchango kwenye mali ya ndoa. Na sheria mbili za ardhi za 1999, ile kubwa na ile ya vijiji, zinasema wazi mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na ile ya vijiji inabatilisha mila inayomnyima. Kwahiyo karatasi ipo. Hapo ndo elimu ya mwanamke ina kazi kubwa kuliko tunavyodhani, kwasababu mjane anayejua kusoma anaweza kwenda baraza la ardhi la kata na barua aliyoiandika mwenyewe, asiyejua anaenda na shemeji yake amsemee, na shemeji ndo huyohuyo anayekitaka kihamba.

Ila kujua sheria na kuitumia ni vitu viwili. Nawajua wanawake wanasheria kabisa, wanaotetea wajane wa watu mahakamani Moshi, ambao kwa baba zao hawajawahi kutamka neno urithi. Sio waoga. Wanahesabu gharama, manake ukimshitaki kaka yako unashinda kipande cha ardhi unapoteza pa kwenda Krismasi, na kwa Mchaga hiyo ya mwisho sio hasara ndogo.

Ukitoka Moshi ukaenda Arusha ni kama kilomita 80 tu, na ukiendelea mpaka Monduli au Longido unakuta elimu na mwanamke wana hadithi tofauti kabisa. Kule kwa Wamaasai utajiri ni ng'ombe, na binti akiolewa ng'ombe wanaingia, kwahiyo kila mwaka anaokaa shuleni ni mwaka ambao mahari inachelewa. Shule ziko mbali, boma lenyewe linahama. Hapo huwezi kumwambia baba kihamba cha binti ni shule, hana kihamba, na kwake binti ndo anayeleta mali. Ndo maana kule shule ya bodingi imekuwa na maana ya kimbilio. Shule ya wasichana ya Kilutheri ya MaaSAE ilifunguliwa Monduli 1995 kwa ajili ya wasichana wa jamii za wafugaji, na walimu wa maeneo hayo watakwambia wanachokihofia zaidi ni likizo, kwasababu msichana anaondoka na begi na hujui kama atarudi au atakuwa ameshaozeshwa. Sheria ya ndoa ya 1971 yenyewe iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, mvulana 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, akaipinga mahakamani, akashinda Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019.

Huku mlimani hatukuwa na haki ya kuwacheka. Sisi tulikuwa na njia yetu ya kumtoa msichana shule, na iliitwa kupimwa. Nikiwa kidato cha tatu, shule siitaji, tulipangwa mstari asubuhi baada ya likizo, tukaingia mmojammoja, matroni anakubonyeza tumbo. Mwenzangu tuliyekuwa tunalala kitanda kimoja cha juu na chini hakurudi darasani. Saa sita tulimwona kupitia dirishani anatoka getini, tranka amejitwisha kichwani, soksi nyeupe amezivuta vizuri mpaka magotini kama kila siku. Alikuwa anatuongoza kwenye hesabu darasa zima. Aliyempa ile mimba alikuwa mtu mzima mwenye duka, na duka lilifunguliwa kesho yake kama kawaida.

Kanuni za 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na mimba ikahesabiwa humo. 2016 sheria ikaongezwa makali kwa upande wa mwanaume, miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi, na Novemba 2021 ndo serikali ikatangaza kwamba msichana aliyejifungua arudi kwenye mfumo rasmi. Nilikuwa kwenye haisi natoka Himo siku nilipoisikia hiyo habari redioni. Nilimfikiria yeye. Miaka yote ile tulikuwa tunasema elimu ni urithi usioweza kunyang'anywa, na kumbe yeye alinyang'anywa asubuhi moja kabla ya uji.

Kwahiyo ukiniuliza elimu imebadilisha nini kwa mwanamke wa huku kwetu nitakwambia imebadilisha mdomo wake kabla ya kubadilisha miguu yake inasimama wapi. Anasikilizwa kanisani, ofisini, bungeni, kwenye kamati ya shule. Anachagua mume, anaweza kukataa mume. Watoto wake hawafi kwa ugonjwa ambao bibi yake hakujua jina lake. Anapigiwa simu kwanza mzazi akiumwa, kwasababu yeye ndo mwenye hela ya hospitali ya KCMC. Heshima hiyo ni ya kweli kabisa na sitaki mtu aidharau. Ila bado anasimama kwenye ardhi ya mtu, iwe ya baba, ya kaka au ya mume, na ardhi huku ndo inayoamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Kinachoanza kubadilika sasa hivi nakiona kwa shangazi yangu mdogo. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka 36, hakuolewa. Mshahara wake ulisomesha watoto wa kaka zake wanne, mimi mmojawapo. Nyumba ya babu ilipoanza kuvuja ni yeye aliyeezeka bati jipya, akaweka na maji ndani. Desemba moja, wote tumeshapanda nyumbani, nyama iko jikoni na mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshakolea, wazee wakakaa kugawa kile kilichobaki. Kila kijana akatajwa. Shangazi alikuwa anasonga ugali, mlango uko wazi, anasikia kila kitu. Jina lake halikutajwa. Sio kwamba lilikataliwa, halikutajwa tu, na naamini hakuna hata mmoja aliyekusudia kumuumiza, ndo mazoea yalivyo. Alimaliza kusonga, akapakua, akawapelekea wazee maji ya kunawa.

Alipostaafu, hela ya mkupuo ilipoingia hakumwambia mtu. Akanunua kiwanja kule chini upande wa Boma Ng'ombe, robo eka, akapima, akafuatilia hati mwenyewe, ofisi hii njoo kesho, ofisi ile njoo wiki ijayo, mpaka ikatoka na majina yake matatu. Ameiweka kwenye bahasha moja na cheti chake cha ualimu. Kaka zake waliposikia walikaa kimya siku kadhaa, afu mkubwa wao akamtumia mche wa ndizi. Mdogo akamuuliza kwani ukifa unataka tukuzike huko kwenye vumbi? Akamjibu ndiyo, ndo nyumbani kwangu.

Mwezi wa pili nilienda kumtembelea. Ndizi zinasumbua kule, jua kali na maji ya kununua. Pembe zote nne za kiwanja alikuwa amepanda masale, ameyachukua kwenye kihamba cha babu akayashusha kwa bodaboda yamefungwa kwenye kiroba kilicholoa. Matatu yalikuwa yameshika. La nne majani yamekauka ncha. Alinipa kidumu akaniambia nianze na hilo.